Mtazamaji atapotea: Historia ya woga mmoja katika masomo ya filamu

Mwaka wa 2009 nilimpa mwanafunzi wangu mmoja alama 41 kwa mia, na kwa muda mrefu niliamini kwamba nilikuwa nimemwonea huruma.

Nilikuwa nikifunza somo la muundo wa usimulizi katika filamu kwenye chuo kimoja jijini Nairobi. Mswada wake ulianza matangani, katika kijiji cha wavuvi kule Busia. Marehemu amelazwa sebuleni, waombolezaji wanaingia mmoja mmoja, na kila mmoja anasimulia kipande chake cha maisha ya mvuvi yule. Kila kipande kinakipinga kidogo kile kilichotangulia. Tunatoka matangani, tunarudi, tunatoka tena. Kuna deni la mashua linalotajwa ukurasa wa tatu kama mzaha wa walevi, nawe hujui maana yake mpaka jeneza linaposhushwa kaburini. Sehemu hiyo bado naikumbuka vizuri, na hilo peke yake lingetosha kunizindua.

Lakini nilikuwa na kalamu nyekundu. Pambizoni nikaandika kwamba sehemu ya pili haionekani, kwamba tukio la kugeuza kisa halipo mahali pake, na mwisho, kwa herufi kubwa: MTAZAMAJI ATAPOTEA.

Kichekesho ni kwamba muhula huo huo nilikuwa nimewaonyesha wanafunzi Rashomon ya Akira Kurosawa, filamu ya Japani ya 1950 ambamo kifo cha samurai mmoja kinasimuliwa mara nne na watu wanne, akiwemo marehemu mwenyewe kupitia kwa mganga. Niliisifu mpaka mate yakanikauka. Kurosawa alipowarudisha watazamaji nyuma mara nne, nilisema ni ustadi. Msichana wa Busia alipofanya hivyo, nikasema watu watapotea.

Woga huo niliupata wapi? Makala haya ni jaribio la kuutafutia ukoo.

Ukoo wa karibu ni rahisi kuutaja. Mwaka wa 1979 Mmarekani Syd Field alichapisha kitabu kiitwacho Screenplay, na tangu hapo sidhani kuna kozi ya uandishi wa filamu duniani ambayo haijaguswa nacho. Field aliugawa mswada wa kurasa 120, ukurasa mmoja kwa dakika moja, katika sehemu tatu: takriban kurasa 30 za kumtambulisha mhusika na shida yake, 60 za makabiliano, 30 za utatuzi. Kati ya sehemu na sehemu pana tukio linalokigeuza kisa. La kwanza alilitarajia ukurasa wa 25 hivi, la pili karibu na ukurasa wa 85. Mhadhiri wangu alitufunza hivyo, nami nikawafunza wengine hivyo hivyo. Nilichora mstari ubaoni, nikauwekea vijiti viwili, na wanafunzi wakanakili kama wanaonakili ramani ya mto Tana.

Sina ugomvi na Field. Alieleza jinsi filamu nyingi za Hollywood zilivyojengwa, na alieleza vizuri. Matatizo yalianza pale sisi tuliokuwa mbali tulipoyachukua maelezo tukayafanya sheria. Hata hivyo Field hakuniambia kwamba mtazamaji atapotea. Sauti hiyo ni ya zamani zaidi, na niliikuta nilipokuwa nikitafuta jambo jingine kabisa, yaani historia ya magari ya sinema katika Afrika Mashariki.

Twende Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, mwaka wa 1935. Huko ndiko kulikopigwa kambi ya mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment. Wasimamizi wake walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, na fedha nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Kufikia 1937 walikuwa wametengeneza filamu zipatazo 35 na kuzizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, maneno yakiwa yamerekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali. Filamu moja ya mwanzo ilihusu benki ya akiba ya posta. Vibarua wawili wanalipwa mshahara. Mmoja anazificha pesa zake nyumbani, mwizi anazichukua. Mwenzake anazipeleka posta, zinakuwa salama. Basi.

Ukikitazama kisa hicho kwa jicho la fasihi simulizi utagundua kwamba ni hekaya ya maonyo, ile ya wahusika wawili wanaopewa jaribio moja kisha mmoja anafaulu na mwingine anaangamia. Bibi zetu walizijua mia. Lakini waliotengeneza hawakuona kwamba walikuwa wamepita njia ambayo tayari ilikuwa na nyayo. Walichokuwa wakikichunguza ni kama Mwafrika angeweza kuifuata picha inayosonga.

Na swali lenyewe halikuwa geni. Mwaka wa 1929 mwanabiolojia Julian Huxley aliizunguka Afrika Mashariki akiwaonyesha wanafunzi filamu chache na kuwahoji baadaye. Alikuta kwamba walielewa vizuri walichokiona, na aliyaandika hayo katika kitabu chake Africa View cha 1931. Ungedhani mjadala ungefungwa hapo. Haukufungwa, kwa sababu aliyekuja kusikilizwa zaidi ni mtu mwingine.

Mtu huyo ni William Sellers, aliyekuwa afisa wa afya nchini Nigeria. Alikuwa akitumia filamu kufunza watu kupambana na magonjwa, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii, tusimnyime haki yake. Uingereza ilipoingia vitani 1939 na kuunda kitengo cha filamu cha makoloni huko London, Sellers ndiye aliyekabidhiwa usukani. Akaja na kanuni. Filamu ya Mwafrika iende polepole. Picha moja ikae kwa muda mrefu. Kamera isirukeruke. Mtu akitoka mlangoni, aonekane akitoka, atembee, afike, asije akaonekana ghafla mahali pengine. Picha za karibu zitumiwe kwa tahadhari. Ujanja wa kamera usiwepo. Na wakati usirudishwe nyuma, kwani watazamaji watachanganyikiwa.

Niliposoma kanuni hizo nilikuwa maktabani, na nakumbuka nilifunga kitabu nikaenda nje kuvuta hewa. Ilikuwa kama kusikia sauti yangu ikitoka kinywani mwa mtu mwingine, aliyesema maneno hayo kabla sijazaliwa.

Ushahidi wa kanuni zile ulikuwa nini? Kwa sehemu kubwa ulikuwa visa. Kisa mashuhuri ni cha mbu aliyekuzwa akajaa skrini nzima, na wanakijiji wakasema ati kwao hakuna mbu wakubwa hivyo, kwa hiyo hawana la kuogopa. Nimekutana na kisa hicho katika sura mbalimbali, mara ni mbu, mara nzi, mara chawa. Kisa kinachobadilisha mdudu kila kinapohamia koloni jingine sisi wa fasihi simulizi tunakijua jina lake. Kinaitwa ngano.

Kingine ni cha kuku. John Wilson, wa Chuo Kikuu cha London, alisimulia jinsi afisa mmoja wa afya alivyotengeneza filamu ya kuwafunza wanakijiji kuondoa maji yaliyotuama. Anaonekana mtu akifanya kazi hiyo taratibu, akiokota mikebe na kumwaga maji, kwa dakika tano hivi. Baadaye watazamaji wakaulizwa waliona nini. Wakasema waliona kuku. Watengenezaji hawakujua habari za kuku yeyote. Ilibidi waipitie filamu picha kwa picha, na kumbe kweli, kwa sekunde moja hivi kuku alikatiza kwenye kona ya chini. Marshall McLuhan alikichukua kisa hicho katika The Gutenberg Galaxy, kitabu chake cha 1962, kuthibitisha kwamba watu wasiosoma maandishi huitazama picha kwa namna nyingine kuliko wanaosoma. Tangu hapo kuku yule amezunguka madarasa ya mawasiliano ulimwenguni kote.

Sasa, kwa heshima zote kwa McLuhan, hebu tumwulize mwanafunzi wa kidato cha pili: katika filamu ile mhusika ni nani? Anataka nini? Nani anamzuia? Hakuna. Ni mtu asiye na jina anayeokota mikebe pasipo mgogoro wowote. Halafu ghafla anatokea kuku, amefukuzwa na jambo fulani, anakimbia. Kuku ndiye mhusika pekee aliyekuwa na haraka. Mimi naona watazamaji wale walijibu kama wahakiki: walipoulizwa ni nini kilitokea, walitaja kitu pekee kilichotokea. Na ningeongeza kwamba kijijini kuku hazururi bila mwenyewe. Kuku akikatiza, mtu anataka kujua ni wa nani, na hapo ndipo hadithi ingeanza kama kamera ingemfuata.

Kanuni za Sellers hazikubaki London. Mwaka wa 1948 kitengo chake kilifungua shule ya mafunzo ya filamu mjini Accra, ikiwa na wanafunzi sita, watatu wa Gold Coast na watatu wa Nigeria. Mmoja wao, Sam Aryeetey, baadaye alikuja kuliongoza shirika la filamu la Ghana. Hapa nasisitiza kwa sababu historia hii husahaulika. Waafrika wa makoloni ya Uingereza walipoanza kusomea filamu darasani, walifundishwa na watu walioamini kwamba watazamaji wa nyumbani hawawezi kufuata mruko wa wakati. Kitengo kilifungwa 1955. Woga haukufungwa nacho.

Wapo walioupitia mbali woga huo. Ousmane Sembène wa Senegal, aliyewahi kuwa kuli wa bandarini Marseille kisha mwandishi wa riwaya, alikwenda Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960 akajifunza chini ya Mark Donskoi. Moscow ilikuwa na shule ya filamu tangu 1919, na ndiko Lev Kuleshov alikofanya jaribio lake maarufu: uso ule ule wa mwigizaji ukaunganishwa na bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke, na watu wakaona njaa, huzuni na matamanio katika uso ambao haukuwa umebadilika. Funzo lake ni kwamba mtazamaji hapewi maana ikiwa imeiva. Anaipika mwenyewe katikati ya picha mbili. Linganisha hilo na mtu wa Sellers anayepaswa kuonekana akitembea kutoka mlango hadi mlango.

Mwaka wa 1963 Sembène akatoa Borom Sarret, filamu ya dakika 20 hivi kuhusu siku moja ya mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Anabeba abiria wasiolipa. Anampa msimulizi wa nasaba, aliyewasifu mababu zake, pesa zote alizopata. Anambeba baba mwenye maiti ya mtoto mchanga. Anashawishiwa kuingia mtaa wa matajiri, askari anamnyang'anya mkokoteni. Anarudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe anamwachia mtoto na kutoka nje, akimwahidi kwamba leo watakula. Kwisha. Utatuzi haupo, na kila ninapoionyesha darasani kimya kinatanda, kisha mtu anauliza, "Lakini huyo mama anaenda wapi?" Kila mmoja darasani anajua. Hakuna aliyepotea.

Nije kwenye lugha, maana safu hii ni ya lugha na huenda mhariri ameanza kuguna.

Wataalamu wa muundo wa filamu hutofautisha mambo mawili ambayo wanaumuundo wa Urusi waliyaita fabula na syuzhet: matukio kama yalivyofuatana kwa saa na tarehe, na matukio kama yanavyopangwa na msimulizi. David Bordwell aliijenga nadharia yake ya usimulizi wa filamu ya 1985 juu ya tofauti hiyo. Kwa miaka mingi niliieleza kwa jasho, kwa maneno hayo hayo ya Kirusi. Hadi siku moja mwanafunzi wa nyuma kabisa akasema, "Si ni kisa na msuko tu, mwalimu?"

Ni kisa na msuko tu. Msuko unatokana na kusuka. Nywele ni zile zile kichwani, bali msusi mmoja ataanzia kisogoni na mwingine mbele, na wateja wawili watatoka saluni kama watu wasio na undugu. Anayejua maana ya neno hilo hahitaji kushawishiwa kwamba matukio yanaweza kupangwa vingine.

Tazama pia neno kisengerenyuma. Kabla halijawa istilahi ya wahakiki lilikuwa neno la kawaida la mwendo wa kurudi nyuma, mtu anayetembea kinyumenyume huku uso umeelekea mbele. Sijui picha bora ya mbinu rejeshi kuliko hiyo: unarudi nyuma lakini macho hayaiachi sasa. (Kisengerembele tulikizua baadaye ili mwenzake asikae mjane, na sina hakika kama mzee wa Lamu angekikubali. Hayo tuyaache kwa siku nyingine.)

Mwishoni mwa miaka ya 1920, miaka michache tu kabla ya kambi ya Vugiri, wachapishaji wa London walikuwa wametoa Alfu Lela Ulela kwa Kiswahili. Katika masimulizi hayo mtu anasimulia hadithi ambamo mtu anasimulia hadithi ambamo mwingine anasimulia, na msomaji anatarajiwa kurudi salama hadi chumbani kwa Shahrazad. Watu waliozifuata hekaya za namna hiyo, kwa kusoma au kwa kusikiliza barazani, ndio walioambiwa kwamba picha ikirudi jana watachanganyikiwa. Na katika siku zetu, mamia ya maelfu ya watahiniwa wa sekondari wamekisoma Chozi la Heri cha Assumpta Matei, kinachofungua kwa Ridhaa akiwa amesimama kwenye magofu ya nyumba yake, kisha kinatupeleka nyuma, mbele na nyuma tena. Watoto wa miaka 17 wameandika insha juu ya mbinu hiyo katika mtihani wa taifa. Halafu wanaingia chuoni, na mtu kama mimi anawaambia wasithubutu.

Wala si wasomi peke yao. Magari ya sinema ya serikali ya kikoloni yalikuwa na mtu wa kipaza sauti, aliyewaeleza watu kwa lugha yao kinachoendelea kwenye skrini. Aliwekwa pale ili awasaidie wasiojua. Ukiingia leo kwenye kibanda cha video Gikomba au Kongowea utamkuta mrithi wake, ila amegeuza kazi. DJ Afro akiisimulia filamu ya mapigano ya Hong Kong hafafanui. Anaupa msuko mpya. Anawabatiza wahusika majina, anamkejeli adui kabla hajaonyesha uadui wake, anakukumbusha tukio la nusu saa iliyopita kwa neno moja la Sheng. Vijana wanacheka mahali ambapo mwongozaji wa Hong Kong hakuweka kichekesho. Hizo ni simulizi mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja, na wanaozifuata wamelipa shilingi chache tu mlangoni.

Bado nachora mstari wa Field ubaoni, kwa kuwa wahitimu wetu watakutana nao kwa wafadhili na ni vizuri waujue. Lakini sasa somo la kwanza la muhula ni Vugiri. Nawapa kisa cha vibarua wawili na posta, nawaambia wakipange upya. Muhula uliopita mmoja alianzia kwa mwizi, akiwa amekaa foleni ya posta kuweka akiba. Darasa lilipiga makofi.

Mwanafunzi wangu wa Busia hakuandika mswada mwingine. Alihamia kozi nyingine, nami nikamsahau, hadi Agosti mwaka jana nilipokwenda Eldoret kwenye harusi ya mpwa wangu. Wiki chache baadaye video ikaletwa nyumbani kwa dada yangu, tukaketi kuitazama. Video za harusi unazijua: asubuhi bi harusi anapambwa, magari, kanisa, keki. Hii ilianza na mama mtu jioni, hema zimeshashushwa, anakunja leso peke yake kwenye kiti cha plastiki. Kisha ikarudi asubuhi, na kila baada ya muda ikamrudia mama na leso. Keki ilipokatwa, dada yangu alikuwa akilia waziwazi.

Nikauliza nani aliyeihariri. Wakanipa namba.

"Mwalimu," akasema, baada ya salamu ndefu za kuulizana afya na watoto, "na wewe ulipotea?"

Nikamwambia sikupotea. Nikamwomba msamaha pia, kwa maneno yasiyopangika, naye akacheka akasema yamepita. Mswada wake wa matanga hakuwa nao tena, tarakilishi iliibwa zamani. Nakala pekee ilikuwa kwenye kabati langu, na wino mwekundu pambizoni. Nimeichapa upya yote bila maandishi yangu na kumtumia. Amesema ataisoma msimu wa harusi za Desemba ukiisha.